Mbwa wa Boma Wakati wa Janga la Maradhi

(Mazungumzo haya yametayarishwa yasomwe katika mikutano ya wanachama wa vyama vya msingi vya Dodoma na wilaya za uwanda wa kati. Makatibu wanaombwa wayasome kwa sauti, na baada ya kusoma watoe nafasi ya maswali.)



Mikutano ya chama cha msingi huwa na ajenda zilizozoeleka. Hujadiliwa bei ya ufuta na alizeti, hujadiliwa magunia na usafiri, hujadiliwa deni la mwaka uliopita na makisio ya mwaka ujao. Katika ajenda hizo mbwa hatajwi. Mbwa hana hisa katika chama, hapelekwi mnadani pamoja na ng'ombe na mbuzi, wala haandikwi katika daftari la mali ya kaya. Hata hivyo, usiku fisi anapozunguka zizi, si Mwenyekiti wala Katibu anayeamka kwanza. Anayeamka kwanza ni mbwa.

Mazungumzo haya yanamhusu mnyama huyo, na yanamhusu katika wakati ulio mgumu kuliko nyakati zote, yaani wakati watu wenyewe wanapokuwa wamepatwa na janga la maradhi. Neno kuu la mazungumzo ni moja. Mtu anayemsahau mbwa wake wakati wa janga hufungua mlango wa janga la pili, na mlango huo hauwezi kufungwa na kaya moja peke yake. Hufungwa na kijiji kizima kwa pamoja. Kwa hiyo jambo la mbwa ni jambo la ushirika.

MBWA NI MLINZI WA AKIBA

Uwanda wa kati ni nchi kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi, kisha hufuata miezi mirefu ya jua na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo wakulima wengi wa Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa na Mpwapwa hawawezi kutegemea mtama na uwele peke yake. Mwaka mvua inapokosekana, mbuzi huuzwa ili gunia la nafaka linunuliwe. Mwaka mtoto anapoingia sekondari, ndama huuzwa ili sare na madaftari yapatikane. Mifugo ndiyo benki ya kaya, na benki haina budi kuwa na mlinzi.

Wagogo wa zamani walilijua jambo hilo vizuri. Tembe, ile nyumba ndefu yenye paa la udongo, ilijengwa kuzunguka uwanja ambamo ng'ombe walilala, ili mali iwe katikati na watu wawe pembeni. Mbwa alilala baina ya mali na porini. Hata leo, pale ambapo nyumba za bati zimechukua mahali pa tembe, kazi ya mbwa haikubadilika. Asubuhi huenda malishoni na mtoto mchungaji, mchana hufukuza nyani shambani, jioni hurudi na kundi, na usiku hukesha.

Ujira wa kazi hiyo yote ni mabaki ya ugali na mfupa. Mara nyingi hata hayo hayapatikani. Ndipo inapofaa kuuliza: mlinzi huyu hutunzwa namna gani siku ambazo mwenye nyumba mwenyewe amelala kitandani kwa homa?

YALIYOTOKEA MWAKA 2020

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona, ambao nchini Tanzania ulikuja kuitwa UVIKO-19, umekuwa janga la dunia nzima. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Serikali ya Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza, aliyegunduliwa Arusha. Kesho yake shule zilifungwa, na wanafunzi wa shule za msingi na sekondari walikaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni, isipokuwa wale wa kidato cha sita waliotangulia kurudi mwanzoni mwa mwezi huo. Ni tarehe 5 Mei 2023 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba hali ya dharura imekwisha.

Katika siku za kwanza za janga hilo paliingia hofu juu ya mbwa na paka. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mapema mwaka 2020 mbwa mmoja wa Hong Kong, aliyeishi nyumba moja na mgonjwa, alionekana kuwa na virusi vya Korona. Habari zikaenea upesi, na katika nchi mbalimbali wako watu waliowafukuza wanyama wao. Wengine waliwapaka dawa za kuulia wadudu na spiriti, wakidhani wanawasafisha.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha picha tofauti. Mbwa anaweza kuambukizwa Korona na mtu anayeishi naye karibu, lakini hilo hutokea mara chache, na mbwa mwenyewe huugua kidogo au haugui kabisa. Haikuonekana kwamba mbwa ni mnyama anayeeneza ugonjwa huo kwa watu. Korona ilienezwa na watu kwa watu. Mbwa hakuwa na hatia.

Lakini upande wa pili wa jambo hili haukutangazwa sana. Katika nchi nyingi zenye ugonjwa wa kichaa cha mbwa, kazi ya kuwachanja mbwa iliahirishwa au ilisimama kabisa mwaka 2020. Mikusanyiko iliogopwa, watumishi walihamishiwa kazi nyingine, fedha zilielekezwa kwingine. Nchini Peru, katika jiji la Arequipa, ambako kichaa cha mbwa kilikuwa kimerudi mwaka 2015, chanjo ya halaiki ilisimamishwa wakati wa Korona na ugonjwa ukapata nafasi ya kuenea zaidi. Watu walikuwa wakitazama mlango wa mbele, na mwizi akapita mlango wa nyuma.

UGONJWA WA ZAMANI

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate. Huingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kuparuzwa, au kwa mate kugusa kidonda, macho au mdomo. Virusi husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini huweza kuwa fupi kama juma moja au ndefu kupita mwaka. Vikishafika, na dalili zikishaonekana, hakuna dawa inayotegemewa. Mgonjwa hufa.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika kila vifo mia moja, tisini na tisa hutokana na mbwa. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne hivi ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Wengi wa hao hawafi hospitalini. Hufia nyumbani, na huenda wengine wakazikwa bila ugonjwa wao kuandikwa popote.

Hapo ndipo hasara ya kumsahau mbwa inapoonekana wazi. Na ichukuliwe mfano wa kaya moja tu ya mfugaji, kama zilivyo kaya nyingi za uwanda huu. Baba ameugua na mama anamwuguza. Shule zimefungwa, na mtoto wa miaka tisa anakwenda malishoni kila siku badala ya Jumamosi na Jumapili tu. Mbwa watatu wa boma hawapewi chakula, maana hakuna aliye na nafasi ya kuwasongea ugali. Njaa inawatoa nyumbani. Wanakwenda jalalani, wanakwenda machinjioni, wanapigana na mbwa wa vijiji vingine. Chanjo ya mwaka huo imeahirishwa. Baada ya majuma kadhaa mmoja wao anarudi amebadilika, na aliye karibu naye siku nzima ni mtoto yule. Katika kaya hiyo baba aweza kupona Korona, na mtoto akafa kwa kichaa cha mbwa.

Mfano huo si wa kutisha watu bure. Unaonyesha jinsi mambo matatu yanavyoshikana: chakula cha mbwa, chanjo ya mbwa na uhai wa mtoto.

HESABU YA SABA KWA KUMI

Wanaushirika wamezoea hesabu, na ugonjwa huu una hesabu yake. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania umeonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja hadi wawili tu kabla ya kufa. Kwa hiyo kichaa cha mbwa, pamoja na ukali wake, si ugonjwa wenye mbio. Ukizuiwa kidogo hudhoofika, na ukizuiwa sana hukatika.

Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Wengine huuliza: ikiwa ugonjwa huu hauna mbio, kwa nini wasichanjwe wanne au watano tu? Jibu liko katika maisha ya mbwa wa kijijini. Mbwa hao huishi miaka michache, na kila mwaka wengi hufa na watoto wengi huzaliwa. Mbwa saba waliochanjwa Julai hawatakuwa saba Juni inayofuata. Wengine watakuwa wamekufa, na mahali pao watakuwepo vijana wasiochanjwa. Saba kwa kumi ni akiba inayotosha kufikia chanjo nyingine bila kupungukiwa.

Ushahidi upo hapa hapa nchini. Katika Wilaya ya Serengeti, baina ya mwaka 1996 na 2001, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni. Baada ya kampeni ya kwanza ugonjwa katika mbwa ulipungua kwa asilimia 70, na baada ya ya pili ulipungua kwa asilimia 97. Watu waliong'atwa na mbwa wa kushukiwa walipungua vilevile.

Ushahidi mwingine unatoka kisiwani Pemba, nao una funzo la pande mbili. Kutokana na chanjo, kichaa cha mbwa kilikatika kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kilirudi, kikaenea tena na kuwadhuru watu. Chanjo ikaanzishwa upya, na mwaka 2018 ugonjwa ukakatika mara ya pili. Funzo la kwanza ni kwamba ugonjwa unaweza kushindwa. Funzo la pili ni kwamba ushindi huo haudumu kinga inapolegea. Wanaushirika wanalifahamu jambo la namna hiyo katika historia yao wenyewe. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982, lakini imani ya wakulima na mali iliyotawanyika havikurudi kwa siku moja. Kuacha ni kwepesi, kurudia ni kuzito.

Hesabu hii ndiyo inayolifanya jambo la mbwa kuwa la wote. Mwanachama aweza kuwachanja mbwa wake wote kila mwaka bila kukosa. Iwapo majirani zake kumi hawakuchanja, mtoto wake bado yuko hatarini njiani, kisimani na malishoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUMWUA MBWA SI DAWA

Yapo mawazo kwamba njia fupi ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Mbwa mwenye dalili za kichaa hana budi kuondolewa, na kazi hiyo ifanywe na ofisa mifugo au kwa maagizo yake. Lakini kuua mbwa wazima kwa wingi hakujaleta faida iliyotarajiwa. Ugonjwa ulipoingia katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia mwaka 1997, mbwa wengi sana waliuawa, na bado ugonjwa uliendelea. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwenye mbwa humficha mbwa wake au humhamisha kijiji kingine, na akihamishwa huenda na ugonjwa. Waliouawa hufuatwa na wengine wapya wasio na kinga. Aidha, mbwa aliyechanjwa akiuawa, kijiji kimeitupa kinga yake kwa mkono wake. Mbwa aliyechanjwa ni ukuta, na haifai kubomoa ukuta wakati adui yuko nje.

WAJIBU WA KAYA

Mambo yafuatayo yamo katika uwezo wa kila kaya, tajiri au maskini.

Kwanza ni chakula na maji. Wakati wa janga, mbwa apewe sehemu yake kila siku, japo ni makoko ya ugali na pumba iliyopikwa. Mbwa aliyeshiba hukaa nyumbani, na mbwa akaaye nyumbani hakutani na wagonjwa. Maji yawekwe kivulini katika kigae cha chungu, hasa miezi ya kiangazi, na yabadilishwe kila siku. Mbwa asipewe mapafu au maini mabichi yenye vifuko vya maji. Vifuko hivyo huzaa minyoo tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakiingia mwilini mwa mtu kwa mikono michafu huota uvimbe ndani ya ini na mapafu. Nyama hizo zichemshwe vizuri, zichomwe moto, au zizikwe chini sana.

Pili ni kumpanga mtunzaji wa badala. Mgonjwa wa Korona, au wa maradhi mengine ya kuambukiza kwa pumzi, amwachie mtu mwingine wa nyumbani kazi ya kumlisha mbwa. Kama hana budi kumlisha mwenyewe, afunike pua na mdomo, na anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Kaya ambayo watu wake wote wamelazwa isaidiwe na jirani. Makubaliano hayo yafanywe mapema, watu wakiwa wazima.

Tatu ni usafi. Mbwa havalishwi barakoa. Hapakwi spiriti wala maji ya klorini, kwa maana ngozi yake huungua, na anapojilamba hula sumu. Akichafuka, maji na sabuni ya kawaida vyatosha. Kupe na viroboto watolewe kwa dawa inayoelekezwa na ofisa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mbwa kwa kukisia.

Nne ni chanjo. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka au kama ofisa mifugo atakavyoelekeza. Karatasi ya chanjo iwekwe pamoja na karatasi nyingine za thamani. Siku ya chanjo mbwa aletwe na mtu mzima amjuaye, akiwa amefungwa kamba. Mtoto asitumwe na mbwa mkubwa asiyezoea kamba.

Tano ni kuzitambua dalili. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au mbwa mkali akiwa mpole na kujificha, ashukiwe. Mbwa anayetoka mate mengi, asiyeweza kumeza, aliyebadilika sauti, anayeng'ata vijiti na mawe bila sababu, au aliyelegea miguu ya nyuma, asikaribiwe. Watoto waondolewe, na habari ipelekwe kwa ofisa mifugo siku ileile. Mbwa aliyemng'ata mtu, iwapo anaonekana mzima na anaweza kufungwa salama, afungwe na kutazamwa kwa siku kumi. Hata hivyo matibabu ya mtu yasingojee siku hizo ziishe. Ng'ombe au mbuzi aliyeugua baada ya kung'atwa asichinjwe wala asikamuliwe.

Sita, na hili ndilo la kukumbukwa kuliko yote, ni kidonda. Mtu aliyeng'atwa na mbwa, fisi, mbweha au mnyama mwingine wa kushukiwa, aoshwe kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni huviharibu virusi hivyo. Kidonda kisitiwe majivu, tumbaku wala pilipili, na kisichanjwe kwa wembe. Kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo apate sindano za chanjo, na azimalize zote kwa ratiba atakayopewa. Janga la maradhi mengine lisiwe kisingizio cha kuahirisha. Hofu ya kukutana na Korona hospitalini ni hofu ya jambo liwezalo kutokea na mtu akapona. Kichaa cha mbwa hakiponi.

WAJIBU WA CHAMA

Msingi wa saba wa ushirika, katika ile misingi saba iliyokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, ni kuijali jamii. Msingi huo husomwa mara nyingi katika semina, lakini ni mara chache kuonekana ukitendwa. Hii hapa nafasi ya kuutenda, na gharama yake si kubwa.

Chama kiandike orodha ya mbwa wa wanachama wake kwa kila kitongoji, kama kinavyoandika makisio ya mavuno. Ofisa mifugo akijua kwamba kitongoji kina mbwa 60, ataleta dawa ya mbwa 60, na baada ya kazi itajulikana kama saba kwa kumi wamefikiwa.

Chama kipange siku na saa pamoja na ofisa mifugo. Mbwa wa malishoni hawapatikani saa nne asubuhi, kwa kuwa wamekwisha kwenda na kundi. Kampeni nyingi hukosa mbwa wale walio muhimu kuliko wote kwa sababu ya saa tu. Kazi ianze alfajiri, kabla mifugo haijafunguliwa, na ifanywe karibu na mazizi.

Chama kisaidie usafiri na baridi. Jokofu la chama, kama lipo, au pikipiki ya kuleta dawa kutoka mjini, vyaweza kuokoa kampeni. Hapa kuna habari njema kwa vijiji visivyo na umeme. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa itumikayo sana ilibaki na nguvu yake baada ya kukaa miezi sita katika joto la nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30. Vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, kazi ya wafinyanzi wa kawaida, vimejaribiwa kwa kuhifadhi dawa hiyo. Ofisa mifugo ndiye mwenye kuamua dawa ipi iwekwe namna gani. Lakini kukosa jokofu peke yake kusiwe sababu ya kuacha kazi.

Chama kiweke mkopo mdogo wa dharura. Sindano za mtu aliyeng'atwa ni ghali, na nauli ya kurudi hospitali mara kadhaa huongeza mzigo. Wapo wanaouza mbuzi ili kulipia, na wapo wanaoacha katikati kwa kukosa fedha. Mwanachama akipewa mkopo siku hiyohiyo na kukatwa wakati wa mauzo ya mazao, huenda uhai wa mtoto umeokolewa kwa fedha isiyozidi thamani ya magunia machache.

Mwisho, wakati wa janga, chama kisifute siku ya chanjo. Kibadilishe tu utaratibu. Badala ya kukusanya kijiji kizima, kazi igawanywe kwa vitongoji. Kila mbwa aletwe na mtu mmoja, watu wasimame hatua mbili tatu mbalimbali, kibuyu chirizi na sabuni viwekwe mahali pa kuingilia, na anayekohoa abaki nyumbani na mbwa wake aletwe na jirani. Kazi hufanyika mahali pa wazi, chini ya mbuyu au kando ya zizi, penye hewa ya kutosha.

HITIMISHO

Ndugu Wanachama, milipuko ya maradhi haikuisha na Korona. Mwaka 2023, wakati Korona ilipokuwa ikimalizika, mkoa wa Kagera ulipatwa na ugonjwa wa Marburg, na mwaka 2025 ugonjwa huo ulionekana tena mkoani humo. Hakuna ajuaye mlipuko ujao utaingilia wapi. Linalojulikana ni kwamba utakapokuja, watu wataogopa, shughuli zitavurugika, na mbwa watakuwa wa kwanza kusahauliwa.

Nchi nyingi, pamoja na mashirika ya dunia ya afya ya watu na ya wanyama, zimejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa kitokanacho na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa katika ofisi za miji mikubwa peke yake. Litafikiwa Bahi na Chemba, Kongwa na Mpwapwa, alfajiri, kando ya zizi, mtu mmoja akiwa ameshika kamba na mwingine ameshika sindano.

Kwa hiyo kila chama cha msingi kinaombwa kuliingiza jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, kuchagua mjumbe mmoja wa kulisimamia, na kumwandikia ofisa mifugo wa kata kuomba siku ya chanjo. Mbwa amelilinda boma kwa miaka mingi bila posho wala likizo. Boma nalo limlinde, na kwa kumlinda yeye litakuwa limemlinda mtoto anayetembea naye malishoni.